Mama Mkwe Aligonga Paa

Mpaka leo wapo watu wakinikuta barazani naota jua wananipa pole ya ile ajali. Ajali ipi? Mimi sikupata ajali. Lori langu halikupinduka, halikugonga mti, halikuingia korongoni. Tairi lilipasuka, nikalimudu gari mpaka likasimama barabarani limenyooka, mzigo wote juu yake. Kama hiyo ni ajali, basi kila mwanamke aliyewahi kuipua chungu motoni bila kukimwaga naye apewe pole. Lakini watu ni watu. Wameshika neno lao hawaliachii, na mimi nimezeeka nikibishana nao.

Yalitokea zamani za Mwingereza, nikiwa kijana mwenye nguvu zangu, dereva wa tajiri mmoja mwenye duka pale Njombe. Kazi yangu ilikuwa kupeleka maharage, na magome ya miti ya miwati ya viwanda vya ngozi, Makambako, pale njia yetu inapoungana na barabara kuu, kisha kurudi na chumvi, sabuni, mablanketi na mafuta ya taa. Juu ya mzigo walikaa abiria. Basi halikuwa la kutegemea, kwa hiyo lori lolote lililotoka Njombe asubuhi lilikuwa na watu juu ya magunia, wamejifunika mablanketi kwa baridi, kope zimejaa vumbi.

Baina ya dereva na watu wa juu palikuwa na lugha moja tu, nayo ni paa. Mtu akitaka kushuka, analipiga paa la kichwa cha lori kwa kiganja, makofi mawili, na dereva anakanyaga breki. Kofia imepeperuka, paa. Mtoto anataka kutapika, paa. Mzee amebanwa na haja, paa. Hukuuliza kuna nini. Ulisimama kwanza, ukauliza baadaye. Dereva aliyegongewa asisimame alihesabiwa mtu mwenye dharau, na habari zake zilifika kwao kabla yeye hajafika. Mimi nilisifiwa sana kwa hilo. "Yule kijana ukimgongea tu, amesimama," walisema, na naamini sifa hiyo ndiyo iliyonipatia mchumba kuliko sura yangu.

Mchumba wangu alikuwa binti wa mzee wa kanisa mmoja, aliyesomea shule ya misheni ya Kidugala, akajenga katika kijiji kimoja nje kidogo ya Njombe. Posa ilikuwa imekubaliwa, na tangazo la ndoa lilikuwa lisomwe kanisani baada ya mavuno. Nilimpenda, niseme wazi, maana uzee umeniondolea aibu. Alikuwa na ulimi mkali na kicheko cha ghafla. Siku aliponitania kwamba nanukia petroli hata kwenye maombi, nilitembea na furaha hiyo wiki nzima kama mjinga.

Mama yake sikuwahi kusema naye neno. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini na mwingine anapita ameinamisha kichwa. Misheni ilibadilisha mengi, hilo halikubadilika, na yule mzee wa kanisa nyumbani kwake alilisimamia kuliko hata sala ya asubuhi. Nilikuwa naijua kaniki ya mama yule na miguu yake. Uso wake sikuujua.

Asubuhi ile alikuja mbele ya duka la tajiri akiwa na mdogo wake, yaani mama mdogo wa mchumba wangu. Binti yao mkubwa alikuwa amejifungua Makambako, nao walikuwa wakienda kumwona mtoto. Nafasi ya mbele, ubavuni mwangu, ilikuwa wazi. Nikageukia ukuta wa duka, nikamwomba mama mdogo amwambie dada yake akae mbele palipo na joto.

Mama mdogo alicheka mpaka akashika kiuno. "Wewe mtoto, una wazimu? Akae ubavuni kwako kama mkeo, mpaka Makambako?"

Watu wote wakaangua kicheko, na mimi masikio yakaniwaka moto. Basi mama mkwe akapandishwa juu ya magunia. Akakaa mwanzo kabisa wa mzigo, nyuma ya kichwa changu, mahali ambapo mkono unafika paani bila mtu kuinuka. Kapu lake la mayai ndilo lililokaa mbele na mimi, kwenye joto.

Sasa niseme habari ya tairi. Tairi la mbele, mkono wa kushoto, lilikuwa na mpasuko, na tajiri alijua kwa sababu nilimwambia. Ndani tulikuwa tumetia kiraka kilichokatwa kwenye tairi chakavu, ili tyubu isichungulie nje. Nikamwambia, bwana, hiki kiraka si cha kubebea watu. Akalipiga tairi teke, akasema, "Hili bado linakwenda Makambako na kurudi, tena sana tu." Teke ndiyo ilikuwa njia yake ya kupima matairi. Sitaki kumsema sana kwa kuwa amekwisha kufa, ila hakuwahi kupanda juu ya magunia yake hata siku moja.

Tulikuwa tumeteremka nusu ya mteremko mmoja mrefu, korongo likiwa kushoto na daraja la mto likionekana kule chini, tairi likapasuka. Mlio ulikuwa kama wa bunduki. Usukani ukaniruka mikononi ukaelekea kushoto wenyewe, kule kule korongoni.

Hapa nieleze vizuri, kwa sababu hapa ndipo kila mtu hujifanya dereva. Mimi udereva nilifundishwa jeshini, wakati wa vita kuu ya pili, na afande mmoja aliyekuwa akikaa pembeni na fimbo. Alikuwa anapiga kelele ghafla, "Tairi!" na ukipeleka mguu kwenye breki, fimbo inatua kwenye ugoko. Alitupiga mpaka mguu ukajifunza wenyewe. Tairi la mbele likipasuka, upande ule unakuwa mzito na gari linataka kugeukia huko. Ukikanyaga breki, uzito wote unakuja mbele, unaiangukia ringi tupu, na gari linajikunja linapinduka. Kwa hiyo unaushika usukani kwa mikono miwili, unauzuia unyooke, huukati huku na huku. Mguu unauondoa kwenye mafuta polepole. Breki unaisahau kabisa. Injini yenyewe italizuia gari, mwendo utapungua. Likishaanza kutii ndipo unashusha gia, ndipo unatafuta pa kusimama. Ndivyo nilivyofanya, na hakuna nilichokosea, na aliyewahi kukaa kwenye usukani wa namna ile aje anibishie usoni.

Basi nimeushika usukani hivyo, meno yamekazana, ndipo paa lilipoanza kugongwa.

Makofi mawili. Mawili tena. Kisha makofi mfululizo, juu ya utosi wangu hasa, na sauti za watu, "Simama! Simama, dereva!" Nilisikia. Kila kofi nililisikia. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unatetemeka hewani juu ya breki, kwa sababu miaka yote ile ulikuwa umezoea kwamba ukisikia kofi unakanyaga. Nikauzuia. Nilipiga kelele, "Kaeni chini! Shikeni kamba!" lakini nani wa kusikia, ringi inasaga mawe, injini inanguruma, watu wanamwita Mungu kwa Kibena na kwa Kikinga.

Watu wa juu hawakujua mambo ya uzito na ringi. Walijua kwamba wamegonga na dereva hasimami. Na katika barabara ile kulikuwa na habari ya lori jingine, lililokatika breki kwenye mteremko. Ilisemwa kwamba walioruka walipona na waliobaki walizikwa. Habari hiyo kila mtu aliijua, hata watoto waliifanya mchezo. Sasa huyu mama alikuwa amegonga mpaka mkono umechoka, na mkwe wake, kijana anayesifiwa kwamba akigongewa husimama, hasimami. Akaona hakuna breki. Angeona nini kingine? Akaruka.

Kinachonichoma ni kwamba lori lilikuwa limekwisha kutii. Lilikuwa linakwenda mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani. Mkono wangu ulikuwa kwenye gia, najiandaa kulisogeza pembeni, nikaona kaniki inapita dirishani kwangu kwenda chini. Akaangukia lundo la mawe ambalo watu wa barabara walikuwa wameliacha kando ya njia. Angevumilia kidogo tu, angeshuka kwa miguu yake. Wenzake wote waliobaki juu hawakupata hata mchubuko. Na lile kapu la mayai pembeni yangu, hakuna yai lililopata ufa.

Lori liliposimama niliruka nje, nikaweka kwanza mawe mbele ya magurudumu, maana ulikuwa mteremko na watu bado wako juu. Hilo nalo nilisemwa baadaye. Eti mkwe wake yuko chini analia, yeye anashughulika na mawe! Kama lori lingeondoka na wale waliobaki, wangesema nini? Nikakata na matawi, nikamtuma abiria mmoja akayatandaze barabarani kule juu, asije mwingine akatugonga. Kisha nikamwendea.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Mguu ulikuwa umegeukia pasipo pake. Mama mdogo alikuwa anapiga mayowe tu, na wafanyabiashara wawili wa Kikinga, waliotoka Matamba na magunia yao ya viazi, walikuwa wamesimama hawajui waanzie wapi. Mama mkwe alipoona viatu vyangu, akavuta kaniki akajifunika uso. Jamani. Mtu amevunjika mfupa mkubwa kuliko yote aliyo nayo, na bado anakumbuka kwamba mimi ni mkwe na haifai nimwone. Nikapitisha mikono chini yake, nikamwinua huku natazama miti. Hakuwa mzito. Tukamlaza mbele, ubavuni mwangu, pale pale nilipochekwa asubuhi kwa kumwomba akae.

Nilifunga tairi la akiba nikisaidiwa na wale Wakinga, tukageuza kumpeleka hospitali ya misheni. Njia nzima hakutoa sauti. Nilijua anajizuia kwa ajili yangu, kwa kuwa si vizuri mkwe amsikie akiugua. Niliendesha machozi yakinitiririka, na sikuona haya, maana hata yeye alikuwa amefunikwa uso hanioni.

Baada ya hapo akaja bwana wa polisi, Mzungu kijana, kupima barabara. Akatembea kuanzia lilipopasukia tairi mpaka liliposimama lori, akaufuata ule mfereji uliochimbwa na ringi, umenyooka kama uzi wa fundi. Baba mkwe alikuwepo, na watu wengi wa kijijini. Yule Mzungu akanishika mkono mbele yao wote, na karani wake akatafsiri kwa sauti, "Bwana anasema dereva huyu amewaokoa watu. Angekanyaga breki, leo mngekuwa mnachimba makaburi."

Maskini, alidhani ananisaidia. Nilimwona baba mkwe akiutazama ule mkono wangu ndani ya mkono wa Mzungu. Mke wake hatatembea tena bila fimbo, na serikali inampongeza aliyekuwa kwenye usukani! Jumapili iliyofuata, kanisa zima lilikuwa limekwisha kujua habari ya pongezi hizo. Walionisalimu walinisalimu kwa ncha za vidole.

Wazee wakaita kikao nyumbani kwa mchumba wangu. Mshenga wangu alikuwa baba yangu mdogo, mtu mwenye maneno machache na akili nyingi za kuishi na watu. Tukiwa njiani akanisimamisha.

"Mwanangu, neno ni moja tu. Hukusikia. Injini ilikuwa inapiga kelele, ringi inapiga kelele, hukusikia paa."

"Lakini nilisikia, baba. Na nilifanya sawasawa."

"Nani kakuuliza habari ya sawasawa? Unataka mke, au unataka kusifiwa?"

Tukaingia. Baba mkwe alisema kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko matusi. Alisema hawanilaumu kwa tairi, kwa kuwa tairi ni mali ya tajiri. Jambo lililowasumbua ni moja. Mama alinigongea, kwa mkono wake, na nilikuwa mtu wa kusimama nikigongewa. Je, nilimdharau? Baba mdogo akajibu kabla sijafungua kinywa. Kijana hakusikia, alisema, kelele zilikuwa nyingi, na kama angesikia angesimama pale pale, ninyi wenyewe mnamjua. Wote wakanitazama. Mimi nikatazama sakafu, nikakubali kwa kunyamaza.

Mama mwenyewe, aliyekwisha kurudishwa kutoka hospitali, alikuwa amelala upande wa pili wa kiambaza. Baba mkwe akaingia kumwambia, tukasikia wakinong'ona, akarudi uso umemlegea. "Mama anasema alijua," akatuambia. "Anasema yule kijana angesikia, angesimama. Moyo wake umetulia."

Kikao kikawa kimekwisha hivyo. Tukaletewa chai na viazi vitamu, tukaomba, na tangazo la ndoa likabaki palepale lilipokuwa. Baba mdogo alinifinya goti chini ya meza kwa furaha. Mimi nilikisukuma kikombe kando. Nilikuwa nimewaokoa watu wote waliokuwa juu ya lori lile, na yeye mama akiwemo, na sasa nimekaa nasamehewa kwa uziwi! Hasira zilinipanda mpaka nikaona kichwa kinapasuka.

Mchumba wangu alitusindikiza mpaka mwisho wa shamba lao. Baba mdogo, kwa adabu, akatangulia. Binti alikuwa na furaha, na alikuwa ameanza tena utani wake, kwamba nikamuulize mganga dawa ya masikio kabla ya harusi, yeye hatamudu kupiga kelele nyumbani kila siku. Tukacheka. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Lakini kweli hukusikia hata kidogo? Mama anasema aligonga mpaka kiganja kikavimba."

Neno lilikuwa mdomoni. Sikusikia. Mtoto mdogo angelisema.

"Nilisikia," nikamwambia. "Tangu kofi la kwanza. Na nilijua ni yeye, maana ndiye aliyekaa pale. Hata angekuwa mama yangu mzazi nisingesimama. Ndiyo maana wote wako hai, na yeye yuko hai."

Akasimama. Akasema taratibu, "Kwa hiyo ulifanya vizuri."

"Nilifanya vizuri."

"Najua. Yule Mzungu amesema, na mimi si mjinga, nimeelewa mambo ya breki. Lakini mama amelala mle ndani na neno moja tu linalomfariji, kwamba mkwe wake hakusikia. Tangu siku ile alikuwa analia. Leo ndiyo amekula. Sasa nije kumsalimia nikiwa mkeo, aniulize habari zako, nami nimtazame huku najua kwamba alikuita na ulimsikia?"

"Si lazima umwambie."

"Sitamwambia. Ndiyo maana siwezi kuolewa nawe." Alikuwa ameanza kulia. "Mbona hukusema hukusikia? Ningekuamini mara moja. Nilikuwa nataka kukuamini!"

Na mimi, kwa upumbavu wangu, badala ya kumshika mkono, nikaanza kumweleza tena. Uzito unakuja mbele, unaiangukia ringi, gari linajikunja. Nilieleza vizuri sana, hakuna afande angenikosoa. Nilipomaliza alikuwa amekwisha fika katikati ya mahindi, namweleza mgongo.

Posa ilirudishwa kabla ya mavuno. Mchumba wangu hakumwambia mtu yeyote sababu. Baba yake alikuja mwenyewe kuniomba radhi, akisema vijana wa siku hizi hawaelekezeki. Alikuja na mama mdogo, ambaye alinivuta kando kunipa salamu za dada yake kutoka kitandani. Dada yake alikuwa ameona haya kwa ajili ya binti yake. Alimtuma aniambie hivi: binti yake amtupe kijana wa watu kwa kosa gani, na yeye hakusikia tu?

Nikamwambia mama mdogo amfikishie asante yangu, na amwambie ndivyo ilivyokuwa, sikusikia.